Funguo Zisikae Mfukoni mwa Mtu Mmoja

Mwongozo kwa watumishi wa zahanati na vituo vya afya wa Tarime na Serengeti

Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ule wa 2007 hadi 2017 tuliouzoea kwa jina la MMAM, ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Haukutimia wote, lakini majengo yalisogea karibu na watu. Siku hizi mama wa kijijini Tarime au Serengeti mara nyingi haanzi kuuliza zahanati iko wapi. Anauliza nani yupo leo. Ametembea saa nzima na mtoto mgongoni, amekuta benchi, amekuta mlango wazi na mhudumu anayedeki, kisha anaambiwa sista wa chanjo amekwenda wilayani kupeleka ripoti, arudi Alhamisi. Alhamisi ni siku ya mnada. Harudi.

Nakuandikia wewe mganga mfawidhi uliye na watumishi wawili, watatu au watano, na wewe muuguzi mkunga ambaye mara nyingi ndiye mfawidhi mwenyewe bila barua. Habari za upungufu wa watumishi unazijua kuliko mimi, na barua za kuomba wengine uendelee kuziandika. Hapa tuzungumze juu ya hao mlio nao. Wengi hudhani timu nzuri ni watu wanaopatana. Nimeona vituo ambako watu wanapatana mno, wanakula pamoja na kuzikana, na mgonjwa bado anarudishwa nyumbani kwa sababu mtu mmoja hayupo. Kipimo changu ni kingine: je, kila kazi ya lazima hapo kituoni inajulikana na watu wasiopungua wawili?

Hesabu kazi kabla ya kuhesabu watu

Kaa na wenzako jioni moja, wagonjwa wakiisha, mchukue karatasi kubwa. Andikeni upande wa kushoto kila kazi ambayo isipofanyika leo mgonjwa ataumia au atarudi nyumbani: kufungua stoo ya dawa, kusoma joto la friji ya chanjo asubuhi na jioni, kupima malaria kwa kipimo cha haraka, kuzalisha, kutakasa vifaa vya leba, kuandika rufaa, kupiga simu ya gari, kufungua mlango mtu akigonga saa nane usiku. Mbele ya kila kazi andika jina la anayeifanya. Kisha, katika safu ya pili, jina la anayeifanya huyo wa kwanza akiwa likizo, semina, msibani au benki.

Safu ya pili ndiyo itakayokuambia ukweli. Palipo patupu ndipo wagonjwa wenu wanaporudishwa, na mara nyingi panaanzia kwenye funguo. Funguo za stoo ya dawa ziko kwa mtu mmoja, naye ana sababu: dawa zikipungua ataulizwa yeye. Usimcheke. Hofu ya kudaiwa dawa za serikali ni ya kweli, na kumwambia tu “tuaminiane” hakuiondoi. Kinachoiondoa ni leja. Anayepokea funguo na anayekabidhi wahesabu pamoja dawa chache za muhimu, mseto, amoksilini ya watoto, oksitosini, ORS na zinki, waandike na wote wawili wasaini. Hesabu hiyo haichukui muda mrefu, na baada ya hapo mwenye funguo anaweza kwenda kumzika shangazi yake Rorya bila kuondoka na zahanati mfukoni.

Lakini zipo kazi zisizogawika, na hapa uwe mkali. Mhudumu wa afya asiyesomea sindano asichome sindano, hata kama amekaa kituoni miaka ishirini na mkono wake ni mwepesi kuliko wa tabibu aliyetoka chuoni juzi. Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Madaktari yapo, na mgonjwa akidhurika hakuna atakayekubali neno la “tulikuwa wachache”. Anachoweza mhudumu huyo, na anachokiweza vizuri, ni kumtambua mgonjwa asiyepaswa kusubiri. Mfundishe dalili nne za hatari kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mfundishe na mlinzi. Mlinzi ndiye anayemwona mgonjwa wa kwanza usiku, na katika vituo vingi hakuna aliyewahi kumwambia lolote zaidi ya kufungua geti.

Mpe mlinzi na jambo la pili: nani halipi. Kwa sera ya taifa, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamesamehewa kuchangia. Mama akiuliza getini akajibiwa moja, dirishani akajibiwa lingine na chumba cha daktari la tatu, atakaloliamini ni lile lililomtisha zaidi. Jibu la kituo liwe moja, kinywani mwa kila mtu.

Dakika kumi za asubuhi

Vikao vya watumishi tunavijua: ajenda saba, mwenyekiti, katibu, na mengineyo ambayo ndiyo yaliyokuwa ya maana. Viacheni viwe vya mwezi. Cha kila siku kiwe kifupi, mkiwa mmesimama, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Maswali matatu yanatosha: usiku kumetokea nini, leo nani hayupo na nani anashika kazi yake, na nini kinakaribia kuisha.

Aanze kuzungumza mdogo kwa cheo. Mfawidhi akianza, wengine wataitikia “ndiyo dokta” na mtatawanyika mkiwa mmefichana mambo. Mhudumu aliyelala kituoni ndiye anayejua kwamba bibi wa jana jioni aliondoka bila kuonwa, au kwamba taa ya sola ya leba ilizima saa kumi. Huku kwetu heshima ya umri na cheo ina nguvu, na sina haja ya kuivunja. Ukimpa mdogo nafasi ya kwanza kama utaratibu wa kituo, anazungumza bila kuonekana amemvunjia mkubwa adabu.

Kuna jambo la lugha pia. Tarime na Serengeti mtakutana na Wakurya, Waluo, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Wataturu na wengine, na bibi wa miaka sabini huenda Kiswahili chake ni cha salamu tu. Tabibu aliyetoka Mbeya atamuuliza “unajisikiaje” na kuandika alichokisikia. Hapo mwenye elimu zaidi ni mhudumu wa hapo kijijini, maana ndiye anayeelewa kwamba “mwili unauma” wa bibi huyo ni homa ya siku kumi. Mkubaliane nani hutafsiri lugha gani, na anayetafsiri aape kutunza siri kama tabibu. Usitumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri maswali ya uzazi. Mama hatajibu mbele ya mwanawe.

Mara moja kwa wiki, tumieni dakika hizo kwa zoezi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitufundisha jambo ambalo waandaaji wa semina hawalipendi. Watumishi wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mtihani walifanya vizuri, ila kazi ya leba haikubadilika. Baadaye mazoezi mafupi ya mara kwa mara yakawekwa hapo hapo kazini, dakika chache na mwanasesere wa mafunzo, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kwa hiyo usisubiri semina yenye posho. Wekeni mwanasesere mezani, au hata kanga iliyofungwa umbo la mtoto, na kila mtu aoneshe atakavyokausha, atakavyosafisha njia ya hewa na atakavyotumia ambu ndani ya dakika ya kwanza. Wiki nyingine fanyeni mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua: nani anakanda tumbo, nani analeta oksitosini kutoka kwenye friji, nani anapiga simu, nani anakaa na ndugu nje. Mtashangaa ni mara ngapi jibu la “nani analeta” huwa kimya.

Wahudumu wa jamii, na kichupa kisichofunguliwa

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ya jamii, unaokusudia kuwa na wawili katika kila kitongoji. Hata kama wenu bado ni wale wa kujitolea wa zamani, wahesabuni kama watumishi wa kituo. Wajue siku ya kikao cha mwezi, wawe na namba ya mfawidhi, na wakileta mgonjwa apokelewe mbele yao. Mhudumu wa jamii aliyembembeleza mama wiki tatu aende kliniki, kisha mama akafokewa kwa kuchelewa, hatabembeleza wa pili.

Azimio la Alma-Ata la 1978, ambalo nchi zetu zinalirudia kila warsha, liliwataja madaktari, wauguzi, wakunga, wasaidizi na wahudumu wa jamii kwa pamoja, na panapohitajika hata waganga na wakunga wa jadi, kama watu wa timu moja. Hilo la mwisho huwa tunaliruka. Mkunga wa jadi hapaswi kuzalisha nyumbani, hilo liko wazi. Lakini bibi huyo ndiye anayejua nani ana mimba ya miezi minne na bado anaificha. Mpe kazi ya kumsindikiza mjamzito, akifika mwekee kiti, na asikae nje kama mshtakiwa.

Jambo linalowatesa wengi ni kichupa cha chanjo. Chanjo ya surua na rubela huja dozi 10 kwa kichupa, na ikishachanganywa inatupwa baada ya saa 6. Basi muuguzi mwenye watoto wawili asubuhi anaogopa kufungua, anawaambia akina mama warudi siku watakapokuwa wengi. Anajitetea kwamba anaokoa chanjo, na ripoti ya upotevu itaulizwa wilayani. Ushauri wangu ni huu. Pangeni siku ya surua, wahudumu wa jamii waitangaze vitongojini siku tatu kabla na warudishe idadi kwa simu, ili siku hiyo kichupa kifunguliwe bila wasiwasi. Ila mama aliyetoka mbali siku isiyo yake, mfungulieni. Dozi tisa zilizotupwa zinaandikika kwenye ripoti na mganga mkuu wa wilaya (DMO) ataelewa. Mtoto aliyerudi bila chanjo haonekani kwenye ripoti yoyote.

Huduma ya mkoba nayo ipangeni kwa kalenda ya watu. Siku ya mnada, wanaume wa vitongoji vyote wako sehemu moja, na ni nafasi ya kupima presha na kuuliza juu ya kikohozi cha wiki mbili, hasa Nyamongo na kwingine kwenye wachimbaji wadogo wanaovuta vumbi la mwamba. Mtu wa maabara aende na mkoba, asibaki kituoni akisubiri makohozi yaletwe.

Usiku, rufaa na namba 115

Hapa ndipo timu hupimwa. Mto Mara unapita kati ya wilaya hizi mbili, mvua za masika hugeuza barabara za vijijini kuwa utelezi, na vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda upande wa Serengeti au vile vya kata za Gorong’a, Nyanungu na Kwihancha upande wa Tarime, vina jambo ambalo mwongozo wa wizara hauliandiki: usiku kuna tembo njiani. Kumwambia mama mwenye uchungu “nenda hospitali” saa tatu usiku bila chombo ni kumwambia asiende.

Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 baada ya kujaribiwa Kanda ya Ziwa, unatumia namba 115 na kupiga hakuna malipo. Unawahusu wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28. Mratibu anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali hutafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa baada ya kumfikisha mgonjwa. Mfumo ni mzuri. Hukwama pale kituoni kunapokuwa na mtu mmoja tu anayejua kuutumia, au pale mpigaji anapoanza hadithi tangu ujauzito ulipoingia.

Fanyieni mazoezi simu hiyo kama mlivyofanya kwa ambu. Anayepiga aseme kwa mpangilio: jina la zahanati na kijiji, umri wa mama na uzazi wa ngapi, tatizo kwa sentensi moja, presha na mapigo ya moyo, alichopewa na saa alipopewa, na anachohitaji. Bandika mpangilio huo ukutani karibu na leba kwa maandishi makubwa, maana saa nane usiku, na tochi ya simu mdomoni, hakuna anayekumbuka.

Kisha piga simu ya pili, ile ambayo wengi wanaisahau: kule mgonjwa anakokwenda. Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hiyo ni hospitali ya Nyamwaga, kwa walio karibu na mji ni Hospitali ya Mji wa Tarime, kwa Serengeti ni hospitali ya wilaya au ile ya Nyerere pale Mugumu inayoendeshwa na Kanisa la Mennonite, na kwa yaliyoshindikana ni hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kwangwa, Musoma. Leba ya huko ikijua mama anakuja na anatoka damu, mtu wa maabara ataamshwa kabla gari halijafika. Wasipojua, mama atafika na kuanza foleni upya, na muda wote mliookoa njiani utapotelea mapokezi.

Msindikizaji je? Muuguzi akiondoka na gari, zahanati inabaki na nani? Hili lijibiwe mchana, kwenye ile karatasi, na mwenyekiti wa kamati ya kituo alijue. Panapokuwa na muuguzi mmoja tu sioni jibu zuri, yapo mawili mabaya. Mimi nafuata la kumsindikiza mgonjwa aliye hatarini na kuacha mlangoni namba ya simu ya zahanati ya jirani ambayo mmekubaliana nayo. Majirani wanaokubaliana hivyo ni wachache, nami sielewi kwa nini, maana haina gharama yoyote zaidi ya vocha.

Na baada ya rufaa, fuatilia. Hospitali ni nadra kurudisha majibu, basi usisubiri. Siku ya pili mmoja wenu apige simu wodini, aandike kwenye daftari la rufaa: amejifungua salama, amepasuliwa, amefariki. Hiyo ya mwisho ikitokea, kikao cha asubuhi kijadili nini kilichelewa, na jina la mtu lisitajwe kabla ya saa kutajwa. Saa ngapi aligonga, saa ngapi alionwa, saa ngapi simu ilipigwa, saa ngapi gari lilifika. Ukianza na saa, watu watasema kweli. Ukianza na “nani alikuwa zamu”, kila mtu atajitetea na msiba unaofuata utakuwa wa namna ile ile.

Majeraha, Desemba, na watu wa nje ya kituo

Mnapata majeruhi wa mapanga na mishale, ugomvi wa mifugo na wa mipaka unaujua. Kanuni iwe moja na ijulikane hadi kwa mlinzi: damu inazuiwa kwanza, fomu ya polisi ya PF3 inafuata. Mmoja ashughulikie jeraha, mwingine awapigie polisi, wa tatu azungumze na kundi lililomleta majeruhi, nje ya uzio. Mtu mmoja akifanya yote matatu atayafanya vibaya.

Desemba ya ukeketaji haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa huku. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliufanya kuwa kosa kwa msichana wa chini ya miaka 18, na nyumba salama zipo Masanga upande wa Tarime na Mugumu upande wa Serengeti. Kazi ya kituo ni kuwa na orodha mapema, mwezi wa kumi na moja: namba ya afisa ustawi wa jamii, ya dawati la jinsia la polisi, ya mwalimu wa malezi katika kila shule, na 116 ya simu kwa mtoto. Binti akija na “tumbo linauma” ambalo halipimiki, muuguzi abaki naye peke yake na amuulize. Na aliyekeketwa akiletwa anavuja damu, mhudumieni bila kuwafokea waliomleta, ripoti itolewe kimya kimya na mliyemteua. Mkifoka, wa pili hataletwa, atazikwa.

Mbwa akiuma, mpigie afisa mifugo

Kama kuna jambo moja ambalo dunia imejifunza kutoka Serengeti bila wasomaji wa huku kuambiwa, ni hili la kichaa cha mbwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wamekuwa wakifuatilia wilayani humo, nyumba kwa nyumba, nani kaumwa na mbwa gani na mbwa huyo kaumwa na nani, sambamba na kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji vinavyozunguka hifadhi. Kutokana na kazi ya namna hiyo, mwaka 2018 ulianza kutumika katika mikoa ya Mara, Morogoro, Lindi na Mtwara utaratibu unaounganisha kituo cha afya na watu wa mifugo. Anayeumwa akifika, muuguzi humuuliza maswali machache juu ya mnyama: alimuuma akiwa amechokozwa au la, ana mwenyewe, amechanjwa, yuko hai, aliwauma na wengine? Majibu yakitia shaka, anampigia afisa mifugo, naye anakwenda kijijini.

Faida yake ni ya pande mbili. Afisa mifugo akikuta mbwa ni mzima na amebaki mzima kwa siku 10, mgonjwa wako yuko salama. Akikuta ni kichaa kweli, mara nyingi atakuta pia watu wengine walioumwa na mbwa huyo huyo ambao hawakuja hospitali, mara nyingi watoto, kwa sababu jeraha lilikuwa dogo au nauli ilikosekana. Hao ndio wanaokufa, maana dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Simu moja ya muuguzi kwa mtu asiye wa idara yake imewafikia kabla ya dalili.

Ninyi zahanati huenda hamna chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnayo sabuni na maji. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, na kazi hiyo mhudumu anaiweza kabisa. Pigeni simu kuuliza chanjo iko wapi kabla ya kumtuma mtu Mugumu au Tarime mjini, maana wapo waliouza mbuzi kwa ajili ya nauli wakakuta imekwisha. Na hospitali inayochanja chini ya ngozi, kwa ratiba ya wiki moja ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha 2018, yaani siku anayofika, siku ya 3 na siku ya 7, inaweza kugawana kichupa kimoja kwa wagonjwa kadhaa wakija siku moja. Basi wakiwa walioumwa ni watatu kijijini kwenu, waende pamoja. Mtu wa kuwakusanya ni afisa mifugo aliyewapata, akishirikiana na mtendaji. Kama huna namba ya afisa mifugo wa kata yako, acha kusoma uitafute.

Fedha, ugomvi na uhamisho

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati ya usimamizi ya kituo ipo kwa ajili hiyo, isiitwe tu siku ya kusaini. Wasomee wajumbe, na watumishi wote, kilichoingia na kilichotoka kila robo mwaka. Watumishi wasioonyeshwa hesabu huanza kuzihesabu wenyewe, na hesabu za uvumi daima huwa kubwa.

Ugomvi utakuwepo. Mwingi, ukiuchimba, ni zamu na posho: nani hupangwa usiku wa sikukuu, nani huenda semina kila mara. Dawa yake ni daftari la semina linaloonekana na wote, zamu inayobandikwa mwezi mzima kabla, na aliyetoka semina afundishe wenzake kwa nusu saa kabla ya kupewa pongezi yoyote. Mfawidhi naye aingie zamu za usiku. Hilo huponya mengi ambayo vikao vimeshindwa.

Uhamisho ndio unaoua timu nyingi. Mtumishi mzuri anaondoka Ijumaa, na Jumatatu hakuna anayejua dereva wa bodaboda anayekubali kwenda usiku ni yupi, mwalimu gani wa kumpigia, wala friji inavyotakiwa kugongwa ubavuni ili iwake. Aondokaye akae na anayebaki siku mbili zamu moja. Namba zote za simu za kazi ziandikwe kwenye daftari la kituo, kwa kalamu, zikiwa na jina, kazi na kijiji, na ziwe pia kwenye simu ya kituo kama ipo. Daftari hilo libaki kwenye dirisha la mapokezi, lifungwe kwa kamba, na mtendaji wa kijiji awe na nakala.